Beberu wa Ghorofa ya Tatu

Daktari aliyenitoa bandeji alikuwa kijana wa kuwa mjukuu wangu, lakini alinisemesha kana kwamba mimi ndiye mjukuu.

"Shosho, sikiza vizuri," akasema. "Jicho hili ndilo la pekee ulilo nalo. Spea hakuna. Dawa hizi mbili ziingie kila baada ya saa mbili, kutoka asubuhi mpaka ulale. Usiiname. Usikae kwa moshi wa kuni. Usiguse shamba. Na usirudi Kibugu kabla ya wiki moja kwisha. Kidudu kikiingia hapo, mimi nitakuona wewe, lakini wewe hutaniona tena."

Nilimwelewa. Jicho langu la kulia lilikufa zamani, siku kijiti cha mchai kilipolichoma tukipogoa. La kushoto nalo likashikwa na mtoto wa jicho, likafifia pole pole mpaka nikawa nasalimia nguzo za stima. Sasa walikuwa wamelipasua, na kila kitu kilikuwa bado na ukungu, lakini ukungu wenye mwangaza ndani yake. Nilikuwa na furaha ambayo sikuionyesha, kwa sababu daktari alikuwa anaringa vya kutosha.

Tatizo langu halikuwa jicho. Lilikuwa pa kukaa wiki hiyo. Binti yangu Lydiah anaishi mjini Embu, kwenye ghorofa ya tatu ya ploti iliyo nyuma ya soko. Nyumba nzuri, maji ndani, taa kila mahali. Lakini ni nyumba ya Kithinji pia, na Kithinji ni mkwe wangu.

Nieleze, maana najua vijana wakisoma hapa watacheka. Kwetu kuna nthoni. Ni haya ya wakwe, na haihusiani na kosa lolote. Ni heshima. Mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake, hampi mkono, halali chini ya paa lake. Akimwona anakuja njiani anaingia kwenye michai mpaka apite, na yule naye anageuza uso. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Mimi, Rwamba, nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Niliwafundisha watoto wa Kibugu kuchemsha maji, kukata kucha, na kumtazama usoni mtu wanayezungumza naye. Sijioni mshamba. Lakini kwa nthoni sikusogea hata hatua moja. Wengi wa rika langu wamelegeza. Rafiki yangu Cicily hula nyama choma na wakwe zake wote watatu na kucheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Namwombea.

Kwa hiyo Kithinji nilimjua kwa viatu tu. Siku ya harusi, miaka minne iliyopita, vilikuwa vyeusi vya ncha. Baada ya ibada alikuja kunikumbatia mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu wote. Nikainama kama mtu anayeokota kitu, naye akamkumbatia mke wa pasta. Watu walicheka wiki nzima. Sikumlaumu sana. Alikulia Timau, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la ngano ambako baba yake aliendesha trekta, na huko kila kabila limechanganyika na hakuna mtu wa kumketisha kijana akamweleza mambo. Lakini sikumpa nafasi ya kurudia. Wakija Kibugu, yeye hula sebuleni, mimi hula jikoni. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi niko kwa wa nyuma.

"Atalala kwa rafiki yake Marete mpaka upone," Lydiah alinisihi pale hospitalini. "Mchana atakuwa chumbani na kazi yake. Mlango wa pale haufungi lakini nimeweka pazia. Hutamwona, Mama."

"Kazi gani ya mchana chumbani?"

"Ya kompyuta."

Hiyo kazi nilikuwa nimeelezwa mara nyingi. Anaweka vitu masikioni, anasikiliza wazungu wakiongea mahali fulani, anaandika walichosema. Analipwa kwa kusikiliza. Sisi tulisikiliza wakaguzi wa shule miaka yote hiyo bure. Lakini nilikubali, kwa sababu Lydiah mwenyewe alikuwa amechukua ruhusa ya wiki nzima, na ni yeye angeniwekea dawa.

Ruhusa ilidumu siku moja. Lydiah ni mwalimu wa sekondari, na ulikuwa mwezi wa mitihani. Jioni mwenzake mmoja aliyekuwa asimamie mtihani aliugua, simu ikalia, ikawa lazima aende. Asubuhi yake saa kumi na mbili alinitia dawa ya kwanza akiwa amevaa viatu tayari.

"Kithinji atakuwekea zingine," akasema.

"Kithinji gani?"

"Mama, kwani niko na wangapi?"

"Nitajiwekea mwenyewe."

"Hujawahi kujiwekea."

"Sijawahi kufa pia, lakini siku ikifika nitaweza."

Alivuta pumzi ndefu kama marehemu baba yake Njoka alivyokuwa akifanya nikishinda mabishano. Halafu akaenda. Baada ya nusu saa nikasikia mlango, viatu vya mpira vikapita haraka kuelekea chumbani huku mtu akisema, "Habari ya asubuhi, Mum," nami nikavuta leso juu ya kichwa changu mpaka vikapita.

Saa mbili ilipofika nilijaribu. Niliinua uso, nikashika kichupa, nikabana. Tone la kwanza lilitua puani mwangu. La pili liliteremka mpaka sikioni. Nikajaribu kulala chali, nikavuta kope kwa kidole cha mkono mmoja, na jicho lenyewe, likiona kitu kinakuja, likajifunga kama konokono. Nililitisha, nikalibembeleza, nikaliombea. Shavu langu lilipata matibabu mazuri sana asubuhi hiyo.

Nikatoka nje koridoni nikipapasa ukuta, nikagonga mlango wa jirani. Kimya. Nikagonga wa pili. Kimya. Ghorofa nzima watu walikuwa wameenda kazini na kufunga kufuli. Kibugu ukikohoa mara mbili mtu anakuja kuuliza umekula nini. Nikampigia Lydiah, simu ilikuwa imezimwa, yumo ndani ya mtihani. Nikarudi nikaketi kwenye kochi.

Hapo ndipo jicho lilianza kukwaruza, kama lina mchanga.

Niliogopa. Sitaki kudanganya. Niliwaza nyumba yangu Kibugu, Biblia yangu ya maandishi makubwa, kuchagua maharagwe nikiwa nimeketi juani. Kisha nikawaza jambo baya zaidi. Kipofu haishi peke yake. Kipofu huja kuchukuliwa akakae na binti yake, na ningeishi katika nyumba hii hii, nyuma ya pazia hili hili, nikimkwepa mtu nisiyeweza hata kumwona amesimama wapi.

Saa nne kamili pazia la chumbani likatikisika kidogo. Hakutoka. Alikaa upande wake.

"Mum, ni saa nne. Ile dawa ya saa mbili uliweka?"

"Niliweka."

"Kwa jicho?"

Nikapangusa shavu kwa leso.

"Nimeosha mikono mara mbili," akasema. "Nimeangalia video ya vile inawekwa, na si ngumu. Ni dakika tu, alafu narudi huku."

"Hapana."

"Mum, Lydiah alisema daktari—"

"Nimesema hapana. Rudi kwa wazungu wako."

Nilidhani ameenda. Kisha akaanza kuongea tena, na sauti yake haikuwa ile ya kubembeleza.

"Sawa. Wacha niulize kitu na usikasirike. Ni juu mimi ni Mmeru? Ama ni hii job? Najua kanisani watu wanakuuliza mkwe wako hufanya nini na unakosa la kusema. Mamangu alikufa nikiwa class three. Nikimuoa Lydiah nilijiambia, basi, sasa nimepata mum. Miaka nne. Nikiingia na mlango huu, unatoka na ule. Sijui nilikukosea nini. Lydiah ananiambia ni kitu ya culture, lakini Mum, hata mtu wa culture husalimia mtu."

Miaka minne nilikuwa nimempa yule kijana heshima kubwa kuliko niliyompa mtu yeyote aliye hai, na yeye alikuwa akiipokea kama matusi.

"Sikukimbii kwa kukuchukia," nikasema. Nililiambia pazia, si yeye. "Nakukimbia kwa kukuheshimu."

"Unanikimbia kwa heshima?"

"Ndiyo. Sikiza. Mama yangu na mume wangu Njoka waliishi vilima viwili vinavyotazamana kwa miaka ishirini na miwili. Hawakuwahi kupeana mkono. Akimwona anashuka mtoni, mama anapanda kwenye michai. Lakini mama hakuwahi kuvuna ndizi bila kumtengea mkungu, anauacha kwenye mpaka wa shamba na kwenda zake. Na Njoka hakuwahi kuacha paa la mama livuje. Alikuwa anaenda kulirekebisha siku mama yuko sokoni. Mama alipokufa, Njoka alilia kuliko mimi."

Nilimaliza nikiwa nimejiridhisha. Ni hadithi nzuri na ni ya kweli yote.

"Kwa hivyo," Kithinji akasema polepole, "alikufa kabla hawajawahi kusalimiana?"

"Ndiyo."

"Na Mzee alilia juu ya nini?"

Zaidi ya miaka ishirini nimesimulia habari hiyo, kwa watoto wangu, kwa akina mama wa kanisa, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamkumbuka Njoka siku ile ya mazishi, ameshika kofia, akisema neno moja tu tena na tena: kwamba hata sauti ya mama yangu hakuijua vizuri. Nilikuwa nimelisahau hilo neno. Au nilikuwa nimeliondoa kwenye hadithi kwa sababu lilikuwa linaiharibu.

Mtu akinishinda hoja huwa nabadilisha mazungumzo, na nilifanya hivyo.

"Ingekuwa mambo yanafanywa kwa utaratibu," nikasema kwa ukali, "mkwe angeleta mbuzi. Wazee wangesema maneno yao, nthoni ikafunguliwa, na kuanzia siku hiyo mama mkwe angekula kwake na kukaa kwake bila shida. Lakini hayo ni mambo ya miezi, watu waitane, wapange."

"Mbuzi?"

"Mbuzi."

"Mbuzi wa kawaida?"

"Kwani kuna mbuzi wa kompyuta?"

Nilidhani nimefunga mjadala. Nikasikia viatu vya mpira vikipita mbio, nikafunika kichwa, na mlango wa nje ukagonga kwa kishindo. Amekasirika, nikajiambia. Amekwenda kwa Marete kunilalamikia, na ana haki.

Saa tano ikapita. Jicho lilikuwa linatoa machozi lenyewe na kuwasha. Nilijaribu tena na kichupa na kulowesha nyusi. Nikaanza kutamani nisikie vile viatu, hata kama vinapita tu. Nilijishangaa. Mtu niliyekuwa nikimkwepa miaka minne, sasa nilikuwa nimetega sikio kwenye ngazi nikimngoja.

Ilikuwa karibu saa sita niliposikia kelele chini. Sauti ya mlinzi wa ploti ilipanda juu kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kithinji! Hii ni ploti ya watu! Huwezi pandisha hiyo kitu!"

"Ni ya matibabu! Nitaishusha!"

"Matibabu gani ya ndevu?"

Kisha kwato. Kwato kwenye ngazi za saruji, ghorofa ya kwanza, ya pili, na mtu akihema na kuvuta na kuomba msamaha kwa kila mlango ingawa hakukuwa na mtu. Vijana hawa! Ukiwaambia jambo la miezi sita wanalitaka kabla ya chakula cha mchana. Mlango ukafunguka, na harufu ikaingia kabla ya mnyama.

Harufu hiyo haihitaji macho. Alikuwa beberu. Tena si beberu mdogo. Ni mzee wa kundi, mwenye ndevu na maringo, ambaye harufu yake ilijaa sebule na jiko na kufika mpaka kwenye kompyuta.

Sasa mjue kwamba mbuzi wa nthoni, kwa ukoo wetu, ni jike mchanga ambaye hajazaa. Beberu hafungui nthoni. Wazee wangekuwa pale wangecheka mpaka wakohoe, kisha wangemrudisha kijana na mbuzi wake mpaka sokoni akaanze upya. Nami ni mwalimu. Jibu likiwa si sahihi, mkono wangu huenda kwenye kalamu nyekundu wenyewe.

"Leo si siku ya soko ya mbuzi," Kithinji akasema akihema. "Nimezunguka kote. Huyu nimemtoa kwa jamaa wa bucha, alikuwa amebaki yeye peke yake, na walikuwa wamemfunga tayari." Akavuta pumzi. "Ni huyu, Mum? Ni sawa?"

Niliijua sauti hiyo. Watoto walikuwa wakiniletea daftari mezani wakiwa nayo, mtoto amefanya hesabu yote usiku kucha na hajui kama aliielewa. Wengine niliwapiga alama ya kosa. Siku hiyo, nikiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, harufu ya beberu imenijaa kooni, nilifanya kitu ambacho sikuwahi kumfanyia mwanafunzi yeyote.

"Ni yeye," nikasema. "Ni mbuzi mzuri sana."

Mungu anisamehe. Au asinisamehe, sijutii.

"Na wazee? Nipigie babangu Timau?"

"Mimi nilizaliwa lini? Mimi ni mzee."

Nikasimama. Nikapapasa mpaka nikaishika pembe ya yule mnyama, nikasema maneno kwa Kiembu, mengine ninayoyakumbuka kutoka kwa baba yangu na mengine niliyoyatunga pale pale. Nilisema kwamba mlango uliokuwa umefungwa ufunguke. Nilisema nyumba hii iwe nyumba ninayoweza kunywa uji ndani yake. Beberu akajibu kwa sauti kubwa, na Kithinji akasema "Amina," kwa sababu hakujua la kusema. Kisha akamfunga kwenye mtungi wa gesi, naye akaanza kutafuna ncha ya pazia.

"Sasa dawa," nikasema kabla sijabadilisha mawazo.

Alinawa mikono. Nilisikiliza maji, sabuni, maji tena. Aliikamilisha hesabu ya kunawa kama nilivyowafundisha watoto. Akaniketisha kwenye kochi, akaniegemeza kichwa nyuma, akaja kusimama nyuma yangu.

"Angalia juu, Mum."

"Juu wapi?"

"Huku kwangu."

Kidole chake kilishika kope langu la chini. Tone likaanguka, baridi, mahali hasa lilipotakiwa, na kila kitu kikawa maji. Nilipepesa. Ukungu ukasogea, mwangaza ukatulia, na juu yangu kichwa chini miguu juu kukawa na uso wa mtu.

Nilikuwa nimemtarajia mwanamume. Alikuwa kijana. Masikio makubwa, ndevu chache zisizojua zielekee wapi, jasho kwenye paji la uso, unywele mweupe wa beberu umemganda shavuni. Na macho yake alikuwa ameyafumba. Ameyabana kwa nguvu, kama mtoto anayesali akiogopa kuchungulia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Dawa ilikuwa imeshaingia, hakuhitaji kuniangalia tena, basi akanirudishia nthoni yangu, kama bado naitaka. Na mbuzi ameshanunua.

"Kithinji," nikasema. Sikuwa nimewahi kumwita jina lake akisikia.

"Yes, Mum."

"Fungua macho."

Akafungua. Tukatazamana. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndipo nikajua kwamba saa zile mbili nilizokuwa nikiogopa kwenye kochi, yeye alikuwa akiogopa barabarani.

"Hii ingine inawekwa baada ya dakika tano," akasema kwa sauti ndogo. "Nirudi chumbani kwanza?"

"Simama hapo hapo."

Akasimama. Nikamwangalia dakika zote tano. Nilimwambia kwamba ana masikio makubwa, akacheka, akasema Lydiah humwambia hivyo hivyo. Nilimwuliza mama yake aliitwa nani. Akaniambia aliitwa Karwirwa, na kwamba hana hata picha yake moja. Hapo nilishindwa kujizuia. Machozi yalikuja kutoka kwa macho yote mawili, lile zima na lile lililokufa.

Kithinji aliruka kama ameungua. "Mum, usilie! Dawa itatoka yote!"

"Itoke," nikamwambia. "Utaniwekea nyingine."